Nyoka na Hema la Familia: Utangulizi

Mzazi anayejiandaa kulala porini na wanawe kwa mara ya kwanza huwa na maswali mawili ya usalama. La kwanza ni la wanyama wakubwa, nalo hupata majibu ya uhakika: askari wa hifadhi watamwonyesha pa kupiga kambi, watamweleza asitoke ovyo usiku na chakula akihifadhi wapi. La pili ni la nyoka, na hapo majibu hutawanyika. Mmoja atamwambia amwage mafuta ya taa kuzunguka hema. Mwingine atamshauri achome kipande cha tairi, wa tatu atampa vitunguu saumu avitawanye mlangoni, na wa nne atamwambia asijisumbue kwa kuwa kuumwa na nyoka ni majaliwa. Taaluma ninayokukaribisha ndani yake ipo kwa ajili ya swali hilo la pili. Ina historia yake, ina njia zake za kupima ukweli, na ina majibu ambayo familia yoyote inaweza kuyatumia jioni ileile inapofika kambini.

Taaluma hii imekusanya watu wa fani nyingi. Wamo wanaherpetolojia, yaani wataalamu wa reptilia na amfibia. Wamo madaktari, wamo wanaekolojia, na wamo wanaochunguza namna watu wanavyolala, wanavyotembea gizani na wanavyotunza chakula chao. Kinachowaunganisha ni tukio moja: mtu na nyoka wanafika mahali pamoja, kwa wakati mmoja, na hakuna aliyemwona mwenzake mapema. Kila kinachosemwa katika fani hii kinahusu namna ya kulifanya tukio hilo liwe adimu.

Naamini kambi ya familia ni shule bora kabisa ya elimu hii. Nyumba ya kijijini imejengwa kwa miaka mingi. Banda la kuku, ghala la mahindi, rundo la matofali na ua wa miti vimekuwapo tangu zamani, na si rahisi kujua ni kipi hasa kinachomleta nyoka. Kambi hujengwa alasiri moja. Unachagua mwenyewe mahali pa hema, pa jiko, pa kuni, pa taka na njia ya kwenda chooni. Kila uamuzi unauona ukifanyika, na ukigundua kosa unalirekebisha kabla jua halijazama. Mtoto wa miaka minane anayeelewa kwa nini hema limewekwa hapa na si pale ameshaanza kuifahamu taaluma yenyewe.

Uzito wa jambo

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 5.4 huumwa na nyoka kila mwaka duniani. Kati yao, milioni 1.8 hadi 2.7 hupata madhara ya sumu, na watu 81,000 hadi 138,000 hufariki. Wanaobaki na ulemavu wa kudumu, pamoja na waliokatwa viungo, ni karibu mara tatu ya wanaokufa. Mwezi Juni 2017 shirika hilo liliiweka sumu ya nyoka katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyokuwa hayapewi kipaumbele, na lengo lililowekwa baadaye ni kupunguza vifo na ulemavu kwa nusu ifikapo mwaka 2030.

Wengi wa wanaoumwa ni wakulima, wafugaji na watoto wa vijijini. Wapiga kambi ni wachache mno miongoni mwao. Lakini karibu kila kinachojulikana kuhusu usalama wa kambi kimetokana na watu hao wa vijijini: mashamba waliyolima, vibanda walivyolala, njia walizopita usiku. Familia inayolala salama Ruaha au Tsavo inanufaika na elimu iliyolipiwa na wengine kwa maumivu makubwa, na ni vema ilijue hilo.

Waliotutangulia

Katika Afrika Mashariki, watu kadhaa waliifanya kazi ya kuwajua nyoka kuwa kazi ya maisha yao. Arthur Loveridge, aliyeanzia katika makumbusho ya Nairobi na baadaye kufanya kazi Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani, alikusanya na kuainisha reptilia wa eneo hili kwa bidii ambayo bado tunaitegemea. Kusini mwa Tanganyika aliishi C. J. P. Ionides, ofisa wa wanyamapori aliyeitwa Bwana Nyoka. Kutoka Liwale alikwenda hadi nyanda za Newala kuwakamata mamba wa kijani, nyoka warefu wanaoishi juu ya miti, katika miembe na mikorosho ya watu. Wanakijiji walimletea taarifa za mahali nyoka alipoonekana, naye aliondoka nao kwenda kutazama. Ujuzi wake kwa sehemu kubwa ulijengwa juu ya macho ya wakulima hao.

James Ashe, aliyewahi kusimamia bustani ya nyoka ya Nairobi, alianzisha pamoja na mkewe Sanda kituo cha Bio-Ken huko Watamu mwaka 1980. Swila mkubwa mtema mate wa pwani na kaskazini mwa Kenya, ambaye kwa miongo mingi alidhaniwa kuwa ni aina tu ya swila mwenye shingo nyeusi, alitambuliwa rasmi kuwa spishi ya peke yake mwaka 2007 na akapewa jina la Ashe: Naja ashei. Tanzania nayo ilikuwa na Kim Howell, aliyefundisha zuolojia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa miaka mingi. Yeye, Ashe, Stephen Spawls na Robert Drewes walitoa mwaka 2002 kitabu cha mwongozo wa reptilia wa Afrika Mashariki, na toleo lake la pili lilitoka mwaka 2018. Anayetaka kuingia kwa dhati katika fani hii aanze na kitabu hicho.

Namna nyoka anavyoujua ulimwengu

Huwezi kumzuia kiumbe usiyejua anatafuta nini. Nyoka hatengenezi joto la mwili wake kama sisi. Hulipata kwa jua, kwa jiwe lililopata moto mchana, kwa lami ya barabara jioni. Kwa sababu hiyo hahitaji kula kila siku, na anaweza kukaa sehemu moja siku nyingi akisubiri windo. Hana masikio ya nje, lakini mitetemo ya ardhi humfikia kupitia mifupa ya taya, na sauti nzito pia huzisikia. Ulimi wake hukusanya chembechembe za harufu na kuzifikisha kwenye kiungo maalumu kilichopo juu ya kinywa. Kwa njia hiyo hufuata nyayo za panya gizani bila kumwona.

Kutokana na hayo, nyoka ana sababu tatu za kufika kambini kwako. Ya kwanza ni chakula: panya, vyura, mijusi, ndege na mayai. Ya pili ni maficho: shimo, rundo, mwanya, kivuli chenye unyevu wakati wa joto. Ya tatu ni kupita tu, akielekea kwingine, na pengine dume anafuata harufu ya jike. Binadamu hayumo katika sababu hizo. Hakuna nyoka wa Afrika Mashariki anayemtafuta mtu ili amuume. Mbili za kwanza unaweza kuziondoa karibu kabisa. Ya tatu huwezi kuiondoa, ila unaweza kuhakikisha kwamba anapopita hakuna mguu wala mkono wa mtu njiani.

Nyoka wa kuwajua

Afrika Mashariki ina takriban spishi 200 za nyoka. Wengi hawana sumu ya kumdhuru mtu, na wanaoweza kuua ni wachache. Familia haihitaji kuwajua wote. Inatosha kujua tabia nne, kwa sababu kila tabia inadai tahadhari yake.

Tabia ya kwanza ni ya anayelala kimya. Mfano wake ni Bitis arietans, ambaye huitwa kifutu, bafe au moma kutegemea mahali ulipo. Ni mnene, mfupi, mwenye michoro inayofanana na majani makavu, na anapatikana karibu kila mahali isipokuwa kwenye misitu minene na vilele vya baridi. Ukimkaribia hakimbii. Hutegemea kutoonekana, na hiyo ndiyo hatari yake, kwa kuwa mtu humkanyaga. Utafiti uliofanywa Afrika Kusini na kuchapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba hata mbwa waliofunzwa kunusa nyoka hushindwa kutambua harufu ya kifutu aliye hai anapokuwa ametulia mafichoni. Mwenye kambi asijitegemeze kwa mbwa wake.

Tabia ya pili ni ya anayeingia ndani. Hawa ni swila watema mate: Naja nigricollis mwenye shingo nyeusi, Naja pallida mwekundu wa nyika kavu, Naja mossambica wa kusini, na Naja ashei. Hutembea usiku wakitafuta vyura, panya, vifaranga na mayai, na huingia hadi wanapolala watu. Wengi wa wanaoumwa na swila hawa kitandani walikuwa usingizini, wamegeuka wakamlalia au wamempiga kwa mkono. Sumu yao huozesha nyama. Wakijihami huirusha machoni mwa mtu aliye umbali wa mita mbili au zaidi.

Tabia ya tatu ni ya anayekimbia akipewa njia. Koboko, Dendroaspis polylepis, hufika mita tatu na zaidi, huishi katika vichuguu vilivyohamwa na mchwa, mapango ya miamba na miti yenye mashimo, na hurudi kwenye maskani yake yaleyale kwa muda mrefu. Sumu yake hushambulia mishipa ya fahamu na inaweza kusimamisha pumzi kwa saa chache. Hata hivyo anapomwona mtu kwa mbali huondoka. Ubaya hutokea pale mtu anapokuwa kati yake na shimo lake. Ndiyo maana kichuguu kikubwa chenye matundu si ukuta wa kuegemezea hema.

Tabia ya nne ni ya aliye juu ya mti au chini ya udongo. Juu wako mamba wa kijani wa pwani na nyoka wembamba wanaofanana na vijiti. Chini wako nyoka weusi wadogo wa jenasi Atractaspis, wanaotoka ardhini usiku baada ya mvua. Hawa huchoma kwa jino linalotokea pembeni mwa mdomo uliofungwa, kwa hiyo hakuna namna salama ya kuwashika. Mtoto akifundishwa kwamba nyoka mdogo mweusi aachwe kama mkubwa anavyoachwa, amelindwa vya kutosha.

Mahali nako kuna nyoka wake. Ukipiga kambi karibu na Naivasha, sakafu ya Bonde la Ufa ina kifutu mdogo mwenye pembe, Bitis worthingtoni, asiyepatikana nje ya Kenya. Katika nyika za baridi za Aberdare na Mlima Kenya yupo Montatheris hindii, ambaye hutoka jua linapowaka na kujificha linapofichwa na mawingu. Katika misitu ya Usambara utakutana na wengine kabisa. Kabla ya safari, tafuta orodha ya nyoka wa unakokwenda, kisha uipange kwa tabia hizo nne.

Kuchagua na kupanga mahali

Fika kambini mapema. Ushauri huu ni mwepisi na unapuuzwa kuliko wote. Anayesimamisha hema gizani hachagui mahali. Anachukua panapopatikana, anapapasa ardhi kwa mikono, anavuta magogo asiyoyaona chini yake. Saa mbili za mwanga zinatosha kutenda yote yanayofuata.

Tafuta uwazi wenye nyasi fupi au udongo mtupu, mbali na vichuguu, marundo ya mawe, magogo yaliyoanguka, matete na kingo za maji. Tembea eneo lote huku ukikanyaga kwa uzito na kupiga nyasi kwa fimbo ndefu, ili aliyepo aondoke kabla hujashusha mzigo. Tazama juu pia: matawi yanayogusana juu ya hema ni njia ya wanaokaa mitini. Katika kambi za umma za hifadhi, kagua banda la kupikia na vyoo, kwa sababu huko ndiko panya walikokwisha kuweka makazi kutokana na mabaki ya wageni waliotangulia.

Kisha tenganisha shughuli. Jiko na chakula vikae upande mmoja, mahema upande mwingine. Mabaki yote ya chakula yaingie katika chombo chenye mfuniko unaobana, na makombo yafagiliwe kabla ya kulala. Hapa mantiki inapita hatua mbili: mkate huleta panya, panya huleta nyoka. Familia inayopambana na nyoka huku imeacha mfuko wa unga wazi inapambana na mwisho wa mnyororo. Taa nayo hufuata kanuni hiyohiyo. Taa kali inayoachwa ikiwaka usiku kucha mlangoni huita wadudu, wadudu huita vyura, na vyura huita wanaowala. Washa taa pale unapohitaji kuona, kisha uizime.

Katika hifadhi nyingi hairuhusiwi kuokota kuni. Panaporuhusiwa, okota mchana, geuza gogo kwa fimbo ukilivuta kuelekea kwako ili aliyeko chini atokee upande wa pili, na kamwe usiingize vidole usipopaona. Rundo la kuni likae karibu na moto, si karibu na hema.

Usiku

Miongoni mwa matokeo yanayotupa moyo zaidi katika fani hii ni ya Nepal. Utafiti wa jamii uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba waliolala ndani ya chandarua waliumwa na nyoka kwa kiasi kidogo kuliko wasiokitumia. Chandarua kilichochomekwa vizuri chini ya godoro, kilichonunuliwa kwa ajili ya malaria, kilikuwa kinazuia pia nyoka wa usiku. Hema zuri hufanya kazi hiyohiyo, kwa sharti moja: sakafu iwe imeshonwa pamoja na kuta, na zipu ifungwe hadi mwisho wa chini, kila mara, hata kama unatoka kwa dakika mbili. Mwanya wa upana wa vidole viwili pembeni mwa zipu unatosha. Wafundishe watoto kwamba aliyetoka mwisho ndiye mwenye dhamana ya zipu. Asiye na hema lenye sakafu alale juu ya kitanda cha kukunja chenye chandarua, asilale chini.

Viatu vilale ndani ya hema. Asubuhi vigeuzwe na kukung'utwa, na mifuko ya kulalia ikunjwe mara tu watu wanapoamka, isiachwe wazi mchana kutwa. Safari ya chooni usiku ndiyo yenye hatari kuliko zote, kwa kuwa wengi wanaoumwa huumwa mguuni au kwenye kifundo, wakitembea gizani bila viatu. Kila mtu awe na tochi yake na kiatu kinachofunika mguu wote. Njia ya chooni isafishwe jioni, ikiwezekana iwekewe mawe meupe au kamba ya kuiongoza, na asiwepo wa kukata njia kupitia nyasi.

Habari za dawa za kufukuza

Msomaji atauliza: na mafuta ya taa je? Wachunga ng'ombe wa Marekani waliamini kwa miaka mingi kwamba kamba ya nywele za farasi ikizungushiwa mahali pa kulala, nyoka haivuki. Laurence Klauber, mtaalamu mkubwa wa nyoka wa nchi hiyo, aliijaribu imani hiyo akaona nyoka wakiivuka kamba bila shida. Vidonge vya naftalini na salfa vilipopimwa na watafiti mbalimbali havikuonyesha uwezo wa kutegemewa wa kuwazuia nyoka. Mwaka 2002 watafiti wa Marekani waliokuwa wakitafuta namna ya kumdhibiti nyoka wa miti wa kahawia aliyevamia kisiwa cha Guam walichapisha matokeo yenye kuvutia: mafuta ya mdalasini na karafuu, yakipulizwa moja kwa moja juu ya nyoka huyo, humfanya akimbie. Lakini huo ni mvuke unaomwasha nyoka aliye mbele yako. Si ukuta wa harufu unaodumu usiku mzima kuzunguka hema.

Mafuta ya taa yana hatari ya moto. Naftalini ni sumu kwa mtoto akiimeza. Moshi wa tairi huumiza mapafu ya familia nzima. Madhara makubwa zaidi hayaonekani: aliyemwaga dawa hulala akiamini kazi imekwisha, na zipu huachwa wazi. Nawaheshimu wazee waliotufundisha mengi kuhusu pori, na sehemu kubwa ya mafunzo yao, kama vile kufyeka nyasi karibu na nyumba na kutotembea usiku bila mwanga, imethibitishwa na utafiti. Habari za harufu hazikuthibitishwa, na mwenye watoto ana haki ya kuambiwa hivyo waziwazi.

Akionekana, akiuma

Nyoka akionekana kambini, watoto wawe na maneno matatu waliyoyafanyia mazoezi kabla: simama, rudi nyuma, ita. Mtu mzima mmoja abaki akimtazama kwa umbali wa mita tano au zaidi, mwingine awaondoe watoto na kumwita askari wa hifadhi. Aachiwe njia ya kuondoka. Watu wengi huumwa wakijaribu kuua au kukamata, na nyoka aliyetoka kuuawa bado anaweza kuuma kwa mshtuko wa misuli. Ndani ya hifadhi, kumuua ni kosa la kisheria pia.

Akiuma, cha kufanya ni kichache. Mwondoe mgonjwa penye hatari, mlaze, mtulize. Vua pete, bangili, saa na viatu kabla ya uvimbe. Mfunge kiungo kilichoumwa kwenye ubao au fimbo iliyonyooka kama unavyofunga mfupa uliovunjika, mbebe asitembee, na umfikishe hospitali yenye antivenomu, yaani dawa ya sumu ya nyoka, haraka iwezekanavyo. Akitapika, mlaze kwa ubavu wa kushoto. Andika saa aliyoumwa. Usifunge kamba ya kukaza ili kuzuia damu, usichanje, usinyonye, usiweke barafu, wala usipoteze muda na jiwe la nyoka. Jiwe hilo limeaminiwa kote Afrika Mashariki, lakini haliondoi sumu mwilini. Sifa zake zimetokana na wengi walioumwa na nyoka wasio na sumu, au walioumwa bila sumu kuingia, ambao wangepona vyovyote. Sumu ikiingia machoni, osha kwa maji mengi safi kwa muda mrefu, kisha nenda kwa daktari.

Maandalizi ya hatua hii hufanyika nyumbani. Kabla ya safari piga simu hospitali zilizo karibu na kambi, uulize ipi ina antivenomu, na uandike namba hiyo mahali ambapo kila mtu mzima ataiona. Gari liegeshwe jioni likiwa limeelekea njia ya kutokea, lenye mafuta ya kufika huko.

Kazi iliyobaki

Taaluma hii bado changa, na hiyo ni habari njema kwa anayeingia sasa. Watafiti wa Kenya wamejenga kituo cha utafiti na tiba ya kuumwa na nyoka ndani ya Taasisi ya Utafiti wa Nyani jijini Nairobi. Bustani za nyoka, kama ile ya Meserani karibu na Arusha ambako wasafiri hupiga kambi hapohapo, zinawaonyesha wageni nyoka hai na kuwafundisha kuwatambua. Nyoka waliowekewa visambaza mawimbi wanafuatiliwa huko Afrika Kusini ili ijulikane hukaa wapi na hutembea lini. Kazi kama hizo zinahitajika Mikumi, Tarangire, Shimba na kila mahali ambapo watu hulala karibu na pori: kupima mapipa yenye mfuniko yanapunguza panya kiasi gani, rangi gani ya taa huita wadudu wachache, na umbali gani kati ya jiko na hema unatosha.

Sehemu ya kazi hiyo inaweza kuanza kwako. Familia inayopiga kambi mara kwa mara iwe na daftari. Andikeni tarehe, mahali, hali ya hewa, umbali wa hema kutoka kwenye maji na vichuguu, kama panya walionekana, kama nyoka alionekana, saa ngapi, na alikuwa akifanya nini. Mpigeni picha kwa mbali bila kumsogelea, mkaipeleke katika makumbusho au idara ya zuolojia iliyo karibu nanyi. Andikeni pia siku ambazo hakuna kilichoonekana, kwa sababu bila hizo hatuwezi kujua kama tahadhari inafanya kazi. Loveridge na Ionides walianza na kumbukumbu za namna hiyo, na ramani za nyoka tunazotumia leo zina nafasi tupu nyingi ambazo daftari la mzazi makini linaweza kuzijaza.

Karibu, basi. Anza na safari ijayo: fika kambini kukiwa na mwanga, wape watoto fimbo na jukumu, waulize wao hema liwekwe wapi, na uwatake waeleze sababu.